Maziwa Yaliyovaa Gambuti

Cherotich mwanangu,

Nilipoteza pua yangu mwaka ule ulipoingia darasa la tatu, kati ya mavuno ya mahindi na Krismasi. Namaanisha kunusa. Pua yenyewe ipo, na baba yako husema bado inatosha watu wawili. Haikuondoka siku moja. Ilitoka kama mgeni asiyependa kuaga: kwanza harufu ya vitunguu, halafu ya sabuni, halafu ya mvua ikipiga vumbi, na nilipokuja kushtuka, hata maziwa yakiungua nilikuwa nayajua kwa macho tu. Hakuna aliyenirudishia mpaka leo, na wote niliopaswa kuwalaumu bado nawalaumu, mimi mwenyewe nikiwa mbele kwenye foleni.

Nakuandikia jioni hii, mvua inapiga mabati kama kawaida yake, maziwa yanapoa kwenye ndoo, na wewe uko kwa kogo wako, mama wa baba yako, unaaga. Kesho unaenda Nakuru kusomea kazi ya maabara. Sitakuandikia habari za kuosha vyombo na kuamka mapema na kuchagua marafiki. Hayo umeambiwa na shangazi zako wote, na Jumapili pasta akarudia. Mimi nina jambo moja tu. Utalala wapi? Nimekuuliza wiki hii yote, na kila mara umenijibu, "Popote tu, mama." Baba yako anataka ulale kwa baba yako mdogo Kiprono, kwenye kile chumba cha nyuma ya gereji yake. Mimi nimekuonyesha ile hosteli ya juu karibu na chuo. Wewe umekaa katikati kama mtu anayengoja mvua ikatike. Lakini kifua ni chako, si cha baba yako wala changu, na kifua chako ninakijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ngoja nikueleze hilo neno "popote" lilinigharimu nini.

Unajua nilikuja hapa Sosiot nikiwa mtoto wa duka. Babangu aliuza nguo mjini Kericho, watu wetu walihama kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, na kwetu maziwa yalikuwa kitu cha kutia kwenye chai, basi. Baba yako nilimpata kwa Kiswahili na tumegombana kwa Kiswahili miaka hii yote, ndiyo sababu barua hii ni ya Kiswahili. Kipsigis changu kinatosha kujibu salamu na kupandisha bei. Nilipoolewa, watu wa kwetu walisema nitarudi kabla chai haijachipua tena. Watu wa huku walisema hivyo hivyo, ila wao walisema kwa sauti ya chini kwa sababu walidhani sielewi. Basi nikaapa kwamba sitakuwa bibi arusi msumbufu.

Wiki ya kwanza kogo wako alinichukua nyuma ya nyumba. Nguzo za jiko langu zilikuwa zimeshasimama, mafundi wamekaa juu ya mbao wanakunywa uji. Akaniuliza nataka mlango uangalie wapi na dirisha likae upande gani, maana jiko ni la mwanamke na yeye ndiye huulizwa. Nami nikitaka kuonekana nimelelewa vizuri, nikainamisha macho nikasema, "Popote tu, mama."

Kogo aliniangalia kidogo. Kisha akawageukia mafundi. "Amesema popote."

Wakaweka mlango upande wa upepo, kwa sababu huko ndiko mbao zao zilikuwa karibu. Dirisha hawakuweka kabisa, maana ukisema popote, hata pasipo na mahali pamo. Miaka baadaye nilimuuliza kogo kwa nini alikubali hilo jiko la kipumbavu, na akanijibu kwamba alidhani watu wa duka wanapika bila kuona. Mimi nilikasirika, yeye akacheka mpaka akashika nguzo. Huyo ndiye mama mkwe niliyepewa.

Ule upepo wa kutoka kwenye vilima vya chai uliingia kwa mlango na kuurudisha moshi ndani kama askari anayerudisha watu kwenye foleni. Na kuni za huku unazijua. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, blugamu inakaa mbichi hata baada ya kuanikwa, na ukiiwasha inalia machozi kabla yako. Kwa hiyo tulifanya walivyofanya majirani wote: ukanda wa gambuti kuukuu, vile viatu virefu vya mpira. Wachuma chai hawakosi gambuti zilizopasuka, wala zile aproni za plastiki zilizotoboka. Unakata ukanda kama kidole, unautia chini ya kuni, kiberiti kimoja, na moto unashika hata kama kuni zimetoka mtoni. Nilijisifu. Nilikuwa nimepata dawa ya mvua. Nilikuwa na gunia zima la gambuti zilizokatwakatwa pembeni mwa jiko, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu, unakohoa kidogo, unalala.

Sasa habari za kibuyu. Utaona mbele kwa nini naziweka hapa.

Kogo alinifundisha mursik bila kunifundisha. Aliniacha nitazame. Alikuwa anakata kijiti cha mti wa senetwet, anakichoma kiwe kaa, anakiingiza ndani ya kibuyu kikiwa bado chekundu, kisha anasugua kwa ule ufito wa mkindu unaoitwa sosiot, jina moja na soko letu, mpaka kuta za ndani ziwe nyeusi laini. Kisha maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanaingia, kifuniko kinafungwa, na anakiacha kibuyu pembeni. Siku kadhaa baadaye maziwa yameganda vizuri, yana rangi ya majivu na ukali wa kupendeza. Mimi nikauliza nani ameyagandisha wakati hatukutia kitu. Akasema, "Wenyewe." Nikauliza wenyewe akina nani. Akasema, "Wenye kibuyu."

Nilidhani ni mambo ya mizimu, nami ni mtu wa kanisa, nikaacha kuuliza. Siku hizi wewe umeshanieleza wenye kibuyu ni akina nani, na kogo anajidai kwamba alijua tangu zamani.

Nilianza na vibuyu viwili. Nilimuuzia mwalimu mmoja, mwalimu akawaambia wenzake, na kufikia wakati ulipoanza shule nilikuwa napeleka mursik mpaka Sigowet na mjini Kericho. Hakuna aliyenipa mtaji. Naandika hili kwa sababu baba yako siku hizi huwaambia wageni "tulianza biashara," na nataka kuwe na karatasi moja duniani inayosema ni nani alianza.

Pua ikaondoka, nami sikumwambia mtu. Ungeniambia mimi, muuza maziwa, niseme kwamba sisikii harufu ya maziwa? Nilionja kwa ulimi, nikaangalia kwa macho, nikaomba Mungu. Na kwa ulimi nilijidanganya, maana ladha nyingi hukaa puani. Bila pua, ulimi unajua chumvi, sukari, ukali na uchungu, basi. Mambo mengine unakisia.

Ndipo ikaja koito, sherehe ya mahari, ya binti wa shangazi yako Esther. Wakwe walitoka Bomet, wazee tu, watu wa heshima na tumbo, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Na nani aliletewa heshima ya kuandaa mursik? Mimi, mtoto wa duka. Wiki hiyo ilinyesha mfululizo, hata vijiti vya senetwet vilikuwa vimelowa, nikaviwasha kwa gambuti. Hapo ndipo kosa lilipo, na lilikuwa langu. Masizi ya mpira yalishika kwenye kaa, kaa likaingia kibuyuni, nami nikasugua kwa bidii sana kwa sababu ni siku kubwa. Mtu mwenye pua angejua kabla hajafunga kifuniko. Mimi nilipamba shingo ya kibuyu kwa shanga.

Mzee wao mkubwa alipewa kikombe cha kwanza. Akanywa. Akakaa. Akafuta mdomo kwa upole, akamwangalia baba yako, akasema, "Maziwa ni mazuri. Ila haya yamevaa gambuti."

Turubai lote lilianguka kwa kicheko. Wanawake walishikana. Pasta alitoka nje kukohoa. Shangazi yako Esther hakucheka, yeye alinitazama kama mtu anayetafuta pa kunishika. Mtu akasema nyuma yangu, "Tuliwaambia, mtu wa duka hawezi kibuyu." Nami nilisimama pale na birika mkononi, na kitu kilichoniumiza zaidi ya kicheko ni kwamba niliinua kikombe mpaka puani mbele ya watu wote, nikavuta, na sikusikia chochote. Ilikuwa kama kunusa dirisha.

Mahari ilikubaliwa, usiogope. Wale wazee walikuwa na roho. Lakini mimi niliitwa Mama Gambuti kutoka Sosiot mpaka Sigowet kwa mwaka mzima, na yule mama wa duka la pembeni bado huniita hivyo akiwa na furaha.

Baada ya koito nilikaa jikoni nikafikiri kwa hesabu, kama ninavyofikiri mambo yote. Kama ukanda mmoja wa gambuti unaweza kuingia kwenye kijiti, kutoka kwenye kijiti kuingia kibuyuni, na kuyageuza maziwa yaliyofungwa siku kadhaa, basi ule moshi mwingine wote ulikuwa unakwenda wapi? Jiko halina dirisha. Hakukuwa na vibuyu vingine mle ndani isipokuwa mimi na wewe.

Na wewe ulikuwa unakohoa. Hapa sitacheka sana. Ulikuwa mtoto wa kukohoa tangu ukitambaa, na mimi nilikuwa na mwenye duka la dawa pale sokoni ambaye alikuwa rafiki sana. Nikifika tu, kabla sijafungua mdomo, ameshafunga tembe kwenye karatasi. Antibayotiki. Hajakupima, hajakusikiliza kifua. Nilikupa mpaka kikohozi kikapungua, siku tatu hivi, kisha nikaficha zilizobaki kwa ajili ya safari ijayo, nikijiona mama mwenye akili asiyetupa kitu. Mwaka mmoja nilikupa mara sita, na hakuna hata mara moja tuliyomaliza. Kikohozi kilirudi kila mara, kwa sababu moshi haukuwa umehama. Kilichohama ni tumbo lako. Ulianza kuharisha na kufura, ukawa unakataa chakula, ukakonda miguu. Nami nikasema ni minyoo, nikakununulia dawa nyingine.

Aliyenisimamisha ni daktari wa kliniki, mama mmoja mnyamavu, baada ya koito, nilipompelekea pua yangu na kifua chako siku moja. Alisikiliza kifua chako kwa muda mrefu. Akasema una pumu, akakupa ile pampu ya bluu. Kisha badala ya kuniuliza kuhusu pua, akaniuliza tunawasha moto kwa kitu gani. Nilimwambia. Hakunikaripia. Alisema pua huenda isirudi, lakini ya mtoto bado ipo, na mimi nichague.

Nikaenda kwa watu wa ushirika wa maziwa, nikawauliza habari za mtambo wa bayogesi, ule wa kugeuza mavi ya ng'ombe kuwa gesi. Unakumbuka vita vya nyumba hii? Baba yako alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mimi sili ugali uliopikwa na mavi." Nikamwambia ale hotelini. Alikula hotelini siku tatu, akiondoka na mwavuli kama mtu aliyefukuzwa. Siku ya nne mvua ilikuwa kubwa, akakaa, akala akiangalia ukuta, akamaliza, halafu akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajali, kama gesi hiyo inaweza kuchoma nyama. Leo mgeni hawezi kunywa chai hapa kabla baba yako hajampeleka nyuma kumwonyesha shimo.

Na kogo alilalamika kwamba nyumba isiyo na moshi haina watu. Bado analalamika. Lakini anakaa kwenye jiko langu siku nzima, na macho yake hayatoki machozi tena, ila akisimulia habari zangu.

Jiko la zamani nililibomoa mwenyewe. Nilitoboa ukuta wa upepo kwa jembe kabla fundi hajafika, kwa hasira tu. Kwa ajili ya vibuyu bado nachoma senetwet, lakini nje, vijiti vikavu ninavyovihifadhi darini, na kabla sijasugua namwita mtu mwenye pua. Miaka hii mtu huyo amekuwa wewe. Sijui kesho nitamwita nani, labda baba yako, tukiweza kumwondoa shimoni.

Ndipo miaka miwili iliyopita ukarudi kutoka shule ya bweni na ile habari yako, ukanichorea nyuma ya kalenda. Nimeihifadhi kalenda hiyo. Ulichora mtu, ukamjaza vinukta puani, kooni, kwenye mapafu na tumboni, ukasema hivyo ni vijidudu vinavyoishi ndani yetu, na vingi si maadui, ni wapangaji wanaolipa kodi. Vinasaidia kusaga chakula, vinawazuia wabaya wasipate nafasi, vinaufundisha mwili nani wa kupigana naye na nani wa kumwacha. Halafu ukachora moshi. Ukasema chembe zake ndogo kabisa hazionekani, zinashuka mpaka chini ya mapafu, na nyingine zinakwama kwenye makamasi, tunazimeza bila kujua, zinafika tumboni. Huko zinawavuruga wapangaji: wengine wanapungua, wakorofi wanapata nafasi, ngozi ya ndani inavimba na kulegea, na mwili unaanza kupigana na vitu vidogo kama vumbi la godoro. Nilikuuliza kama hayo yamethibitishwa. Nilipenda jibu lako. Ulisema kwamba moshi unaumiza kifua na moyo, hilo halina ubishi. Habari za vijidudu bado wanazichunguza, wameona mengi, lakini hawajamaliza, na yeyote atakayekuambia amemaliza anakuuzia kitu.

Kisha ukaniambia, "Mama, mtu ni kibuyu kinachotembea."

Niliondoka nikaenda zizini nikakaa na ng'ombe. Mwanangu, unajua nilichokuwa nafikiri? Kwamba kibuyu nilikiheshimu zaidi. Kibuyu nisingekimwagia sumu kila mara kwa sababu kimekohoa. Kibuyu kikiharibika niliuliza kilipata nini, lakini wewe ulipoharibika nilikununulia tembe. Sikuambii mursik ni dawa, usije ukanitaja huko maabara. Wala sikuambii ukatae antibayotiki ikiandikwa na daktari aliyekupima. Imeokoa watu, na ikiandikwa, imalize. Nakuambia tu kwamba nilikuwa na elimu ya kutosha kuhusu wenye kibuyu, na sikuitumia kwa mtu.

Sasa tuje Nakuru.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona baba yako mdogo, nikasema napitia tu. Anakupenda, hilo sina la kupinga. Kitanda chako amekichomelea mwenyewe kwa vyuma vya gereji, akakipaka rangi ya samawati, na kwenye kichwa chake ameandika CHEROTICH kwa rangi nyeupe, herufi zimepinda kidogo kwa sababu alifanya kazi ile baada ya kazi. Mama yako mdogo ameshona pazia. Nilitaka kulia, nikaona afadhali nihesabu.

Chumba kina dirisha moja. Dirisha linaangalia uwanja wa nyuma, na kwenye uwanja huo jioni wanachoma vipande vya tairi ili wabaki na waya. Mama yako mdogo anapika kwa makaa, mlango wa jiko umetazamana na wa chumba chako. Mimi sina pua ya kuyajua hayo. Nilitoa hanchifu yangu nyeupe, nikaifuta juu ya fremu ya dirisha lililopanguswa asubuhi hiyo hiyo. Nilipoikunjua, ilikuwa kama ndani ya kibuyu.

Nikamuuliza Kiprono wanachoma nini pale. Akasema vitairi tu, jioni tu.

"Jioni ndipo watu wanarudi kulala," nikamwambia.

Akacheka, yule unamjua. "Mama Cherotich, wewe huna hata pua. Huo moshi umeusikia wapi?"

"Kwa sababu sina, najua pua zinakokwenda."

Hakucheka tena. Alikitazama kitanda, akapangusa herufi ya kwanza ya jina lako kwa kidole ingawa haikuwa na vumbi. Akasema biashara ya waya ndiyo inayolipa karo ya watoto wake, na akiacha, mwingine ataanza upande wa pili wa ukuta. Hilo pia ni kweli. Nikamshukuru kwa chai.

Baba yako anasema kitanda kikishaandikwa jina, kukikataa ni kumtukana mtu mbele ya watoto wake. Anasema mtoto wetu hawezi kulala kwa wageni na sisi tuna ndugu mjini. Mimi nasema nina hesabu. Usiku mmoja ulipokuwa umelala nilikaa karibu nawe na saa. Unavuta pumzi mara kumi na tano kwa dakika. Kwa saa ni mia tisa. Ukilala kwa saa nane, ni elfu saba na mia mbili, kila usiku, na huwezi kuchagua hata moja kwa sababu umelala. Chakula unakula mara tatu na tunakuhubiria mwaka mzima ule nini. Hewa hakuna anayekuuliza.

Hosteli si mbinguni, nisikudanganye. Barabara inapita chini yake na malori yanapanda mlima yakilia. Chumba ni cha watu wawili, na huyo mwenzako wa Sigor, niliongea naye, ni msichana mzuri anayeongea bila kupumua, kwa hiyo angalau hewa itabaki yako. Wanapika kwa gesi. Hanchifu ya pili niliifuta huko. Ilikuwa na vumbi, vumbi la kawaida la ardhi. Kodi ya chumba nitailipa mimi, usiingize hilo kwenye mizani. Na niliuliza kama mtu anaweza kuja na kitanda chake mwenyewe. Wakasema anaweza. Kiprono ana pikapu. Nimemwachia baba yako wazo hilo alale nalo, nikaona linaanza kumwingia kama ile gesi.

Lakini sitaki uamue kwa sababu ya kitanda, wala kwa sababu yangu. Ukichagua kwa baba yako mdogo, nitanuna wiki moja, si zaidi. Halafu nitakuja Nakuru nitoboe dirisha lingine upande wa barabara kwa mkono wangu, na jiko la makaa litahamia nje nikiwa nimesimama pale, na wewe utaniahidi kwamba pampu inakaa kichwani mwa kitanda na kwamba ukikohoa usiku unaniambia mimi kabla ya mwenye duka la dawa. Naweza kuishi na hilo. Ukichagua hosteli, utakwenda kwa Kiprono kila Jumapili, utakula kwake, utacheza na watoto wake, na hakuna mtu wa ukoo huu atakayesema umejitenga. Hilo pia naweza kuishi nalo.

Kitu nisichoweza kuishi nacho ni msichana wangu anayekwenda kujifunza kupima damu za watu, mwenye kunichorea mapafu nyuma ya kalenda, kisha akiulizwa yake yalale wapi anainamisha macho ili wakubwa wasigombane. Hiyo heshima naijua. Watu waliisifu sana siku niliyoitoa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kupika kwenye lile jiko. Acha tugombane. Mimi na baba yako tuna mazoezi, na baadaye tunakunywa chai. Na kama una hofu ya kumuumiza baba yako mdogo, mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Mtu aliyekuchorea jina anastahili kusikia kutoka kwako, si kupitia simu ya kaka yake.

Baba yako atampigia Kiprono saa kumi na mbili na nusu asubuhi kumwambia akungojee wapi. Mimi nitakuwa zizini nakamua kuanzia saa kumi na moja. Njoo kabla ya saa kumi na mbili, hata kama hujanawa uso, hata kama kogo amekulaza kwake. Usiniletee maelezo, wala usiniulize mimi ningependa nini. Neno moja tu, Cherotich, na uniangalie ukilisema: gereji au hosteli?

Mama yako